Jinsi ya kusimamia kazi ya kontrakta kwenye duka la chakula la jeshi Marekani

Kama umeajiriwa kwenye haya maduka ya chakula ya jeshi la Marekani, yale wanayaita komisari, halafu siku moja meneja anakwambia kuanzia sasa wewe ndo utakuwa unamwangalia kontrakta, ujue umepewa kazi nzito kuliko inavyoonekana. Wengi wanadhani ni kuzunguka na cheklisti unatia tiki unasaini unarudi ofisini. Ukifanya hivo mwezi wa kwanza utapita salama, wa pili utapita, halafu siku kontrakta amevurunda kweli na mnataka kumkata hela unakuta huna karatasi hata moja ya kuonyesha, na yeye anazo zako zote ulizosaini kwamba kazi ni nzuri.

Kwa asiyejua mazingira nieleze kidogo. Haya maduka yanaendeshwa na wakala wa serikali, Defense Commissary Agency, ulioanza kazi Oktoba 1991, ofisi kuu iko Virginia na maduka ni zaidi ya 200 ndani na nje ya Marekani. Wanaonunua ni wanajeshi, wastaafu wa jeshi na familia zao, na tangu Januari 2020 wameongezwa maveterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, pamoja na baadhi ya wanaowatunza. Mteja akifika kaunta anaongezewa asilimia 5 juu ya bei, hiyo ndo inajenga na kukarabati maduka, na gharama nyingi za kuendesha zinatoka kwenye kodi. Sasa ndani ya duka moja unakuta watu wa aina mbili wamechanganyika: waajiriwa wa serikali, na watu wa kontrakta ambao kazi yao mara nyingi ni kupanga shelfu usiku, kupokea mzigo na kuuhifadhi stoo, na usafi. Hao wa pili ndo habari yetu.

Anza na karatasi kabla hujaingia dukani

Omba mkataba. Usikubali kuambiwa "utajifunza tu ukiwa kazini". Unataka vitu vitatu mkononi: maelezo ya kazi yenyewe, wanaita PWS, yanayosema kontrakta anatakiwa kutoa matokeo gani, mpango wa usimamizi wa ubora, QASP, unaosema wewe utaangalia nini, mara ngapi na kwa njia gani, na barua yako ya uteuzi. Hiyo barua watu huitupa kwenye droo, mi nakwambia isome mara mbili mbili, maana ndo inasema mamlaka yako yanaishia wapi. Mwenye mamlaka ya kubadilisha mkataba ni afisa mikataba peke yake. Wewe ni mwakilishi wake, cheo chenyewe wanakiita COR, au unaweza kuwa chini ya huyo mwakilishi kama macho yake pale dukani.

Ukishasoma, kaa na kalamu utoe kila sentensi inayopimika. Mfano mkataba unasema shelfu ziwe zimejazwa na bidhaa zimevutwa mbele kabla duka halijafunguliwa, maboksi matupu yameondolewa, sakafu imedekiwa, bidhaa ya zamani iko mbele na mpya nyuma. Kila moja hapo ni swali la ndiyo au hapana unaloweza kulijibu ukiwa umesimama kwenye korido. Sasa yale ambayo hayamo kwenye mkataba, hata kama wewe unaona yangependeza, huna haki ya kuyadai. Hapa ndo ugomvi mwingi unazaliwa, mtu anamdai kontrakta apange kwa namna anayoipenda yeye, kontrakta anafungua karatasi anauliza iko ukurasa gani, na wewe hapo ushaishiwa maneno.

Kingine ujue mapema nani analeta nini. Kuna bidhaa kama mikate, soda na chipsi ambazo mara nyingi wasambazaji wenyewe wanaleta na kuzipanga. Shelfu ya chipsi ikiwa tupu asubuhi unaweza ukamwandikia kontrakta wa usiku kosa ambalo halimhusu kabisa, na ukishafanya hivo mara moja hata makosa ya kweli ataanza kuyabishia.

Wale wafanyakazi sio wako

Hili nalikazia kwa sababu kwa sisi tuliolelewa na utamaduni wa kusema ukiona kitu hakijakaa sawa, ni gumu. Unapita unamkuta kijana wa kontrakta anapanga vibaya, mdomo unataka kumwambia njoo hapa fanya hivi acha hiki nenda pale. Usimwambie. Kanuni za manunuzi za serikali ya Marekani, FAR, zinakataza kugeuza mkataba wa huduma kuwa kama ajira, yaani mtumishi wa serikali anawaendesha watu wa kontrakta kila siku utadhani ni wafanyakazi wake. Ongea na supavaiza wao. Kila zamu iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kupokea maneno kutoka kwako, na kama hayupo hilo lenyewe liandike, maana mara nyingi mkataba unataka awepo.

Isipokuwa hatari. Foklifti inarudi nyuma na kuna mama na mtoto pale, piga kelele, hakuna kanuni inayokukataza kuokoa mtu.

Na kwenye mengi ya maduka haya kazi ya usafi na shelfu inafanywa kupitia programu ya AbilityOne, ambapo angalau asilimia 75 ya masaa ya kazi ya moja kwa moja katika shirika zima linalopewa mkataba yanafanywa na watu wenye ulemavu mkubwa au wasioona. Kwa hiyo unaweza kukuta mfanyakazi hasikii, au anahitaji maelekezo kwa utaratibu wake, na supavaiza wake ndo anaujua huo utaratibu. Kiwango cha kazi hakipungui, mkataba ni uleule, lakini heshima yako iwe juu. Kumfokea mtu mbele ya wateja ni aibu kwako na kwa serikali unayoiwakilisha pale.

Pia usiombe kazi ya ziada. "Kaka nisaidie tu na hii stoo ya nyuma leo" inaonekana ni kauli ndogo ya kibinadamu, mwisho wa mwezi inarudi kama dai la malipo kwa kazi isiyo kwenye mkataba na afisa mikataba anakuuliza nani alikupa ruhusa ya kuiingiza serikali kwenye deni.

Kuangalia kwenyewe

Njia ziko nne hivi za kawaida: kuangalia kila kitu, kuchagua sampuli bila mpangilio, kuangalia kwa ratiba, na kutumia malalamiko ya wateja. Kipi kwa kipi inaamuliwa na QASP yako. Kitu ambacho kosa moja tu linaweza kuumiza watu, kama joto la vyumba vya baridi, unaangalia chote kila siku. Shelfu za bidhaa kavu ambazo ziko nyingi, sampuli inatosha. Ila sampuli iwe sampuli kweli. Andika namba za korido zote kwenye vikaratasi, changanya, chomoa, au tumia kompyuta ikuchagulie. Ukichagua kwa miguu utajikuta kila siku unaangalia zile korido za karibu na mlango kwa sababu ndo njia yako ya kwenda ofisini, na watu wa kontrakta sio wajinga, ndani ya wiki mbili watajua unapita wapi na hapo ndo patakuwa panang'aa.

Saa ya kuangalia nayo ina maana. Kama mkataba unasema shelfu ziwe tayari duka linapofunguliwa basi uangalie kabla ya mlango kufunguliwa, sio saa nne asubuhi wakati wateja washachukua nusu ya vitu, hapo huwezi kujua nani kaacha tupu. Na mara moja moja njoo usiku kazi ikiwa inaendelea, bila kutangaza. Usiku unaona vitu ambavyo asubuhi vishafichwa, kwa mfano paleti ya vitu vya baridi imeachwa nje ya chumba cha baridi watu wamekwenda mapumziko.

Hapo kwenye baridi nikae kidogo maana ndo pananiuma zaidi. Mwongozo wa chakula wa Marekani, ule wa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, unataka chakula cha baridi kinachoharibika haraka kikae kwenye nyuzi 41 za Fahrenheit au chini, ambayo ni kama 5 za Celsius. Maziwa yaliyokaa nje yakarudishwa ndani asubuhi yatakuwa baridi ukiyashika, huwezi kujua. Kwa hiyo ukija usiku beba themomita yako, angalia muda paleti ilishushwa kwenye gari na muda iliingia ndani, vyote viandike. Ukikuta imepata joto usianze wewe kuamua hii nzuri hii mbaya, itengwe iwekewe alama isiuzwe, halafu ita wakaguzi wa chakula wa jeshi, wapo kwa kazi hiyo.

Sasa shelfu ya maziwa asubuhi. Ukisimama mbele yake ukaona imejaa imenyooka, bado hujaangalia kitu. Ingiza mkono mpaka nyuma kabisa, toa chupa ya mwisho, soma deti. Halafu soma ya mbele. Ya nyuma ikiwa inaisha muda kabla ya ya mbele, maana yake mtu kasukuma mzigo mpya mbele akaacha wa zamani nyuma, na ule wa nyuma utakaa pale mpaka uharibike na hasara ni ya duka. Fanya hivo kwenye mistari kadhaa, juu, katikati na chini, na ile ya chini usiione uvivu kuinama, makosa ya kuzungusha mzigo yanapenda kukaa chini na kwenye kona kwa sababu kule ndo panachosha kufika. Wakati umeinama hapohapo angalia bamba la chini ya shelfu na mahali linapogusana na sakafu. Katikati ya korido mashine inapita yenyewe inang'arisha, pembeni ndo inahitaji mkono wa mtu, na kama kuna mstari mweusi wa uchafu uliogandiana na nta ya zamani basi huo haujatokea jana.

Vyoo, angalia nyuma ya mlango na nyuma ya bakuli. Chumba cha vifaa vya usafi fungua, mopu iliyoachwa ndani ya ndoo ya maji machafu inakwambia kila kitu kuhusu sakafu ya leo. Stoo, maboksi yasizibe mlango wa dharura wala yasipande karibu na vichwa vya maji ya kuzimia moto, na hapa usisubiri ripoti, mwite supavaiza saa hiyohiyo.

Kabla hujaandika kosa, jiulize kama kosa ni la serikali

Shelfu tupu asubuhi inaweza kuwa uzembe wa kontrakta. Inaweza pia kuwa gari limekuja limechelewa masaa matatu, au mzigo umekuja mara mbili ya ulioagizwa, au foklifti ya serikali ambayo mkataba unasema kontrakta atapewa imeharibika wiki nzima na hakuna aliyeitengeneza. Ukimwandikia kosa kwenye hali hiyo atalipinga na atashinda, na ana haki. Kwa hiyo weka daftari la kila usiku: gari limefika saa ngapi, katoni ngapi, vifaa gani vilikuwa vizima, duka lilifungwa kwa wakati au la. Daftari hilo linamlinda kontrakta mwaminifu na linambana asiye mwaminifu, na kama mkataba unalipa kwa idadi ya katoni ndo utakalotumia kuhakiki invoisi yake.

Namna ya kuandika

Maneno kama "usafi hauridhishi" au "shelfu mbaya" hayana kazi yoyote. Nani kasema hauridhishi, wapi, lini? Andika hivi: "Tarehe fulani, saa 11:40 alfajiri, korido ya 7 upande wa kushoto, shelfu ya chini, mistari 6 kati ya 10 niliyokagua deti ya zamani iko nyuma ya deti mpya. Kipengele cha mkataba namba fulani. Picha 4 zimeambatanishwa. Supavaiza wa zamu ameonyeshwa saa 11:55." Basi. Hakuna hasira, hakuna "kama kawaida yao", hakuna dhana kwamba walikuwa wamelala. Mtu aliye ofisi ya mbali ambaye hajawahi kufika kwenye duka lenu anatakiwa asome aone kama vile alikuwepo.

Na yale mazuri nayo andika hivohivo. Korido ulizokagua zikapita, ziweke na tarehe. Watu wanasahau hili kabisa halafu faili lina makosa matupu, kontrakta anasema huyu mtu ananionea, na ukiangalia faili ni kweli linaonekana hivo. Tuseme umekagua korido 20 na 2 zimefeli, hiyo 2 haina maana bila ile 18.

Kumbuka pia kontrakta anatakiwa awe na mpango wake mwenyewe wa kudhibiti ubora, awe na mtu wake anayekagua kabla yako. Ukianza kumwonyesha kila katoni iliyopinda anaacha kukagua, anakusubiri wewe. Mara kwa mara omba kuona rekodi zao za ukaguzi. Zikionyesha kila kitu kizuri kila siku wakati zako zinaonyesha kasoro zilezile zikijirudia, tatizo lako kubwa limehama kutoka kwenye shelfu limekwenda kwenye mfumo wao, na hilo ndo la kumpelekea afisa mikataba.

Likiendelea

Kasoro ndogo, mwonyeshe supavaiza na mpe nafasi ya kurekebisha, rekodi ibaki. Ikijirudia au ikiwa kubwa, toa ripoti ya kasoro ya maandishi ambayo kontrakta anatakiwa ajibu: chanzo ni nini, atarekebisha vipi, atazuia vipi isirudi. Jibu likiwa "tumewakumbusha wafanyakazi" lirudishe, hiyo sio sababu wala sio dawa. Uliza nani anafundisha wapya, zamu ina watu wangapi na ilitakiwa kuwa na wangapi, maana mara nyingi sana ukichimba unakuta watu wamepungua na hajaajiri.

Juu ya hapo ni mamlaka ya afisa mikataba na wewe unampa ushahidi tu. Mikataba mingi ya huduma yenye bei isiyobadilika ina kifungu cha ukaguzi, FAR 52.246-4, kinachoipa serikali haki ya kutaka kazi irudiwe bila malipo ya ziada, na kama haiwezekani kurudiwa, kupunguza malipo kulingana na thamani iliyopungua. Fikiria hapo, shelfu ambayo haikupangwa jana huwezi kuirudia jana, kwa hiyo ndo mahali pa kupunguza. Ikizidi afisa anaweza kutoa notisi ya kurekebisha ambayo kwa kawaida inampa kontrakta siku 10 au zaidi, na mwisho kabisa ni kuvunja mkataba. Usimtishie kontrakta na hayo maneno kwenye korido, sio yako kuyatamka.

Invoisi ikija usisaini kwa sababu ni siku ya mwisho na watu wanakupigia simu. Linganisha na daftari. Serikali kwa kawaida ina siku 30 za kulipa invoisi sahihi na ikichelewa inalipa riba, kwa hiyo na wewe usiikalie. Kama ina makosa irudishwe mapema na sababu iandikwe. Kusaini kazi ambayo haikufanyika ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, na "niliamini tu" haitakutoa.

Kuhusu chai, namaanisha ile ya mfukoni na ile ya kikombe. Sheria za maadili za watumishi wa serikali kuu zinaruhusu zawadi ndogo isiyozidi dola 20 kwa mara moja na isiyozidi dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja, hela taslimu haimo kabisa. Ushauri wangu usipokee hata hiyo inayoruhusiwa. Ukishakula chakula cha kontrakta ripoti yako ya kesho, hata iwe ya haki kiasi gani, kuna mtu ataisoma kwa jicho lingine.

Kipindi cha tathmini kikifika, kwa mikataba mikubwa kuna mfumo wa serikali wa kumpima kontrakta, CPARS, ambao una ngazi tano kuanzia bora kabisa mpaka isiyoridhisha, kontrakta anapewa nafasi ya kujibu na ofisi nyingine za serikali zinaisoma kabla ya kumpa kazi mpya. Wewe unatoa mchango tu, ila ndo mchango unaobeba uzito. Chukua faili lako la mwaka mzima, hesabu ulichokagua na kilichofeli, panga kwa miezi ili ionekane alikuwa anapanda au anashuka, na kama alikuwa mbovu Machi akajirekebisha mpaka Oktoba akawa mzuri, hilo liseme waziwazi, ni haki yake. Na ukiwa unakwenda likizo hakikisha anayekushikia nafasi naye ana barua yake ya uteuzi na amepita dukani na wewe angalau zamu moja ya usiku, akajua daftari liko wapi na supavaiza wa kontrakta ni nani, maana ripoti atakazoandika bila hiyo barua kontrakta atazikataa.